Pudo toi si mwanasesere: somo kwa wanaofuga mbwa wadogo

Mbwa aina ya pudo toi ana kimo cha takriban sentimita 25 kutoka sakafuni hadi begani, na uzito wake ni kama wa pakiti moja au mbili za unga wa ugali. Udogo huo ndio unaomponza. Siku ya kampeni ya chanjo, mwenye nyumba humleta mbwa mkubwa anayelinda lango, kisha akiulizwa kuhusu yule mdogo hujibu, "Huyo hatoki nje, daktari." Ilhali mbele ya ugonjwa wa kichaa cha mbwa, na mbele ya sheria, huyo asiyetoka nje ni mbwa kamili.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la kaunti lishughulike na mbwa wa kwenye kochi. Jibu limo katika Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010. Huduma za matibabu ya mifugo, udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa, ni kazi zilizokabidhiwa serikali za kaunti. Katiba haikutaja ukubwa wa mbwa.

Jina lenyewe limepotosha wengi. "Toi" ni kitu cha kuchezea, na anayenunua kitu cha kuchezea hatarajii kukifanyia kazi. Lakini asili ya pudo ni kazi. Alikuwa mbwa wa wawindaji huko Ulaya, aliyejitosa majini kuwaletea bata waliopigwa risasi. Jina lake linatokana na neno la Kijerumani la kurukaruka majini, na hata jina la Kifaransa, caniche, linahusishwa na bata. Zile nywele nzito za mawimbi zilimkinga na maji baridi. Ule mtindo wa kumnyoa kiuno na kumwachia mafungu ya nywele kifuani na kwenye viungo, ambao leo tunauona kama mapambo ya saluni, ulianza kama njia ya kumpunguzia uzito anapoogelea huku viungo vikibaki na joto. Pudo toi ni mbwa yuleyule, aliyezalishwa kizazi baada ya kizazi hadi akawa mdogo. Akili na nywele zilibaki kama zilivyokuwa.

Nywele

Anayeuza pudo atakuambia kwanza kwamba mbwa huyu hapukutishi manyoya. Ni kweli kwa kiasi kikubwa, na ni sifa nzuri kwa anayeishi katika nyumba ya kupanga yenye zulia moja. Lakini nywele zisizoanguka hazipotei. Huendelea kurefuka kama za binadamu, na zile zilizokufa hunaswa ndani ya zilizo hai zikafanya mafundo. Mafundo hayo huanzia mahali mkono haufiki kwa urahisi: nyuma ya masikio, kwapani, kwenye mapaja kwa ndani na chini ya ukosi. Kwa nje mbwa anaonekana nadhifu, kumbe chini kabisa, karibu na ngozi, kuna kitu kama mkeka. Mkeka huo huvuta ngozi kila anapopiga hatua, huzuia hewa, na chini yake unyevu na vidonda hujificha.

Kwa hiyo mpige brashi kila siku, au angalau siku moja baada ya nyingine. Tumia brashi yenye meno membamba ya waya, kisha upitishe kitana cha chuma. Kitana ndicho mkaguzi: kikipita kutoka kwenye ngozi hadi ncha bila kukwama, kazi imekamilika. Wengi hupiga brashi juujuu tu, kama anayefagia uwanja bila kuinua mkeka. Kumbuka pia kuanza na brashi kabla ya kumwogesha, kwa sababu fundo likilowa hukaza zaidi na baadaye haliondoki ila kwa mkasi.

Kuna kipindi kinachowakatisha wengi tamaa. Mtoto wa pudo ana nywele laini zisizosumbua. Anapokaribia mwaka mmoja nywele za utotoni hubadilika na zile nzito za utu uzima huingia, na kwa miezi kadhaa mafundo huota usiku na mchana. Ukiona hivyo usidhani mbwa wako ameugua. Mnyoe ziwe fupi na uendelee na brashi. Si lazima afanane na wale wa kwenye mashindano. Kwa maoni yangu pudo aliyenyolewa fupi sawasawa mwili mzima hupendeza zaidi, na hakika hupumua vizuri zaidi.

Kunyolewa kunahitajika kila baada ya wiki nne hadi sita hivi. Hiyo ni gharama ya maisha yake yote, na pudo toi aliyetunzwa huweza kufika miaka 14 au zaidi. Piga hesabu hiyo kabla ya kununua. Anayetaka kuokoa pesa anaweza kujifunza kumnyoa mwenyewe kwa mashine, mradi asithubutu kukata fundo kwa mkasi lililo karibu na ngozi. Ngozi ya mbwa huyu ni nyembamba na huinuka pamoja na fundo.

Sabuni ya mche na shampuu ya binadamu hukausha ngozi ya mbwa. Tafuta shampuu iliyotengenezewa mbwa, na mkaushe hadi ndani kabisa. Masikio yake yanalala, na ndani mwake huota nywele. Joto na unyevu vikikutana humo, usaha haukawii. Akitikisa kichwa mara kwa mara, au sikio likitoa harufu, usimimine chochote sikioni kabla ya daktari kulichungulia.

Na wale wanaonunua pudo kwa sababu mtoto wao ana pumu au mzio? Nywele haziruki, lakini vinavyochochea mzio vimo pia katika mate na ngozi ya mbwa, na kila mbwa ana mate. Mpeleke mtoto akakae na pudo wa jirani mara kadhaa kwanza.

Dawa za ng'ombe

Hapa tunaomba usikivu wa wakaazi wa maeneo yenye mifugo. Kupe hupenda nywele nzito za pudo, na huko ndani hawaonekani. Wapapase kwa vidole kila jioni, hasa masikioni na katikati ya vidole vya miguu. Kupe huambukiza mbwa magonjwa ya damu, na dalili zake ni homa, kukataa chakula, ufizi uliopauka, na wakati mwingine mkojo wenye rangi ya kahawa. Mbwa wa kilo tatu hana damu ya kupoteza. Akionyesha dalili hizo ni kwa daktari siku hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba katika boma nyingi tayari kuna chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, au ile ya sindano ya minyoo. Mtu hukadiria kwa macho: ng'ombe anapewa kiasi hiki, basi huyu tumpe tone. Dawa hizo zimekolezwa kwa mnyama wa mamia ya kilo, na tone linaloonekana dogo linaweza kumletea pudo kutetemeka, kuzimia na kufa. Hata anayejaribu kupima kwa uangalifu hana kifaa cha kupima kiasi hicho. Tumia dawa ya kupe iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, na inayotaja uzito wake. Vivyo hivyo, vidonge vya binadamu vya maumivu, kama panadoli na ibuprofeni, ni sumu kwake.

Jikoni nako kuna hatari zake. Kitunguu na kitunguu saumu huharibu chembe za damu, na mchuzi wetu haukosi kimojawapo, kwa hiyo kumwagia ugali wake mabaki ya mchuzi si hisani. Chokoleti, zabibu mbichi au kavu, na bazoka zisizo na sukari zenye zailitoli zinaweza kumuua. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha.

Mtoto wa pudo toi ana jambo lake pia: tumbo lake ni dogo na akiba ya sukari mwilini ni ndogo. Akikaa saa nyingi bila kula huanza kuyumba, kutetemeka na kulegea. Mgawie chakula mara tatu au nne kwa siku. Ukimkuta katika hali hiyo, mpake asali kidogo kwenye ufizi kisha mkimbize kwa daktari. Asali inakununulia muda wa kufika tu.

Vituko vyake, na vile ambavyo si vituko

Pudo ni mbwa mwerevu. Mwanasaikolojia Stanley Coren, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu akili za mbwa, aliiweka jamii hii ya pili kwa wepesi wa kujifunza na kutii amri. Mwenye pudo hahitaji kitabu kulijua hilo. Baada ya wiki chache mbwa anajua mlio wa funguo zako, anaitofautisha bodaboda yako na nyingine zote, na anajua nani mezani hudondosha chapati. Atakufuata hadi mlango wa choo. Atasimama kwa miguu miwili na kuzunguka kama mchezaji wa sarakasi, na soksi ikipotea, itazame chini ya kitanda.

Ubaya wa akili hiyo ni kwamba hujifunza mabaya kwa kasi ileile. Ukimbeba kila anapobweka, umemfundisha kubweka. Akiachwa peke yake kutwa nzima hulia, hutafuna viatu na kujisaidia ndani, na majirani wa ploti huanza kulalamika. Mzoeze kubaki peke yake kidogo kidogo, dakika tano, kisha kumi, bila maagano marefu mlangoni. Mtembeze kila siku. Kumfundisha jambo jipya kwa dakika chache asubuhi humchosha kuliko kumfokea kutwa.

Kuna mienendo miwili inayochekesha watu ambayo haifai kuchekwa. Wa kwanza ni kuruka kwa miguu mitatu hatua chache kisha kuendelea kama kawaida. Mara nyingi hiyo ni pia ya goti iliyoteguka mahali pake na kurudi, tatizo la kawaida kwa mbwa wadogo. Kila anaporuka kutoka kitandani huliongeza; muwekee kigoda cha kushukia. Wa pili ni kikohozi chenye mlio wa bata bukini, hasa anapovuta kamba. Bomba la hewa la mbwa hawa huweza kulegea na kubonyea. Mvalishe mkanda wa kifuani badala ya kumfunga kamba shingoni, na umwone daktari.

Pudo jike akiwa katika siku za joto asiachwe uani. Akipandwa na mbwa mkubwa kupitia lango lililoachwa wazi, watoto wanaweza kuwa wakubwa kuliko nyonga yake.

Kabla ya kununua

Usinunue mtoto wa mbwa aliyeshikwa juu kando ya barabara. Omba kumwona mama yake na kadi ya chanjo, na usimchukue kabla hajatimiza wiki nane. Wanaouza pudo wa "kikombe cha chai" wanauza mbwa aliyedumaa kwa bei ya juu. Hakuna jamii rasmi yenye jina hilo. Daktari atakayemhudumia awe amesajiliwa na bodi ya taaluma hiyo, KVB. Una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni yake.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa mbwa anapofikisha miezi mitatu, na hurudiwa kila mwaka. Mbwa wa ndani huambukizwaje? Kwa paka aliyepenya dirishani, kwa nguchiro wa kwenye ua, kwa mbwa wa mtaani aliyepitisha pua chini ya lango. Dakika moja inatosha. Tangu mwaka 2014 Kenya ina mpango wa kutokomeza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na mpango huo unategemea kuchanjwa kwa angalau asilimia 70 ya mbwa wote. Virusi haviko damuni bali kwenye mate. Meno ya pudo toi ni madogo kama punje za mchele, na alama yake kwenye mkono wa mtoto hufanana na mchomo wa mwiba. Hapo ndipo wazazi hulegea: "Amemdona tu." Dalili za ugonjwa zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Akiuma mtu, awe mbwa wako au wa jirani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili ukitazama saa. Usipake mafuta, majivu wala dawa ya mitishamba, na usilifunge. Nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanzishiwe chanjo, na umalize sindano zote kwa tarehe ulizopewa. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe, na afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe ili amchunguze. Ikiwa mbwa ana kadi ya chanjo, ibebe hospitalini.

Kadi hiyo ihifadhiwe pamoja na vyeti vingine vya nyumbani. Katika siku ya chanjo, pudo abebwe mkononi au ndani ya kikapu, mbali na mbwa wakubwa walio kwenye foleni, na aletwe na mtu mzima anayemjua. Paka wa nyumbani pia huchanjwa. Mlete ndani ya boksi lililotobolewa matundu ya hewa.