Uyoga wa Sufuriani na Uyoga wa Chupani

Siku hizi matangazo ya tiba hayasubiri mtu aende dukani. Yanamfuata kwenye simu. Miongoni mwake yapo ya chupa na vidonge vinavyochanganya unga wa uyoga, hasa ule uitwao ganoderma, na mafuta au dondoo la hempu, yaani mmea wa bangi wa aina yenye kilevi kidogo. Ahadi ni zilezile: kushusha presha, kusawazisha sukari, kuongeza kinga, kuondoa maumivu ya viungo, kuleta usingizi. Anayezisikiliza si mjinga. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne wa miaka 25 hadi 64 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu mmoja kati ya kumi na moja alikuwa na kisukari. Kwa hiyo jijini Dar es Salaam, kuanzia Mbagala mpaka Bunju, si ajabu kukuta kaya yenye mtu anayemeza vidonge kila siku, na anayemeza vidonge kila siku hutamani kitu kitakachomwondolea mzigo huo. Kijitabu hiki kinashikilia hoja moja: ushahidi unaouza chupa hiyo ni wa kuazima. Sehemu umeazimwa kwa uyoga unaoliwa kama mboga, sehemu kwa dawa za hospitali za Japani, sehemu kwa dawa ya kifafa ya Marekani. Kilichomo ndani ya chupa chenyewe hakijapimwa, na kwa kaya ya Temeke au Kinondoni kina hatari ambazo tangazo halizitaji.

Tuanze na lililo kweli, maana lipo. Uyoga ni chakula kizuri. Una protini nyingi kuliko mboga nyingi za majani, una vitamini za kundi B, una madini ya potasiamu na chumvi kidogo sana, jambo linalomfaa mwenye presha. Una pia nyuzinyuzi za aina ya beta-glukani, ambazo maabara zimeonyesha kwamba huziamsha baadhi ya seli za kinga. Uyoga wa mamama, ule wenye umbo la sikio unaooteshwa kwenye mifuko ya plastiki ndani ya vibanda vyenye giza na unyevu, hauhitaji shamba wala mbolea ya dukani. Huota kwenye majani makavu ya migomba, mabua ya mpunga, mabaki ya pamba. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwisha kuonyesha kwamba huota vizuri hata kwenye mabaki ya katani. Na lipo jambo moja ambalo wauza chupa hawalisemi kwa sababu halina faida kwao: uyoga uliokatwa vipande na kuanikwa juani mchana, hata kwa nusu saa mpaka saa moja, hutengeneza vitamini D kwa wingi, kwa njia inayofanana na ngozi ya binadamu. Jua la Dar es Salaam halina bei. Vipande hivyo vikishakaushwa vinakaa, na sehemu kubwa ya vitamini hiyo hubaki hata baada ya kupikwa. Vipikwe kweli, kwa kitunguu na nyanya au kwa tui la nazi, kwa sababu uyoga mbichi ni mgumu kwa tumbo.

Hiyo ni faida ya chakula, nayo huja polepole, sahani baada ya sahani. Dawa ni jambo jingine. Huko Japani, dondoo la uyoga liitwalo PSK lilitumiwa tangu miaka ya 1970 kwa wagonjwa wa saratani, lakini lilitolewa hospitalini, kwa kipimo, sambamba na upasuaji na dawa kali za saratani, wala si badala yake. Kuhusu ganoderma, mtandao wa watafiti wa Cochrane, ambao kazi yake ni kukusanya majaribio yote yaliyofanywa kwa binadamu na kuyapima ubora, uliutazama uyoga huo mara mbili. Upande wa saratani ulipata majaribio matano yenye wagonjwa 373, ukahitimisha kwamba hayatoshi kuifanya ganoderma kuwa tiba ya kwanza. Pengine inaweza kuwa msaada wa pembeni kwa mgonjwa anayeendelea na matibabu yake. Upande wa presha, mafuta mwilini na sukari, mapitio ya mwaka 2015 hayakupata ushahidi wa kuunga mkono matumizi yake kwa wenye kisukari cha ukubwani. Yaani mahali pale hasa ambapo tangazo linapiga kelele zaidi, sukari na presha, ndipo ushahidi unapokosekana.

Hempu nayo ina ukweli wake. Kiini chake kiitwacho kanabidioli, au CBD kwa kifupi, hakilevyi, na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa ya CBD safi kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Ushahidi huo ni imara. Lakini hebu tupige hesabu. Kipimo cha dawa hiyo ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtoto wa kilo 20 hupewa kati ya miligramu 200 na 400 kila siku. Chukua sasa chupa ndogo ya mafuta iliyoandikwa miligramu 300 kwa ujumla wake: ili kufikia kipimo kilichofanyiwa utafiti, mtoto huyo angeimaliza ndani ya siku moja na nusu, au hata kabla siku moja haijaisha. Muuzaji anasema matone machache asubuhi na jioni. Kwa hiyo anauza jina la dawa bila kipimo cha dawa. Na akisema basi tuongeze matone, tunaingia kwenye shida nyingine: katika vipimo vikubwa CBD huweza kuumiza ini, ndiyo maana wagonjwa wa kifafa wanaoitumia hupimwa damu mara kwa mara. Huko Uingereza, ambako bidhaa hizi zinauzwa waziwazi, wakala wa viwango vya chakula uliwashauri watu wazima wenye afya mwaka 2023 wasivuke miligramu 10 kwa siku.

Wapo watakaojibu kwamba hempu si bangi, basi hofu ya nini? Kibotania ni mmea mmoja. Tofauti ni kiasi cha THC, kile kilevi chenyewe, na mpaka huo umewekwa na sheria za nchi husika. Marekani iliuweka kwenye asilimia 0.3 mwaka 2018. Nchini Tanzania, Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inakataza kulima, kumiliki, kusafirisha na kuuza bangi, na mamlaka husika imewahi kutahadharisha umma juu ya biskuti na vyakula vilivyochanganywa nayo. Maneno ya kigeni kwenye lebo hayatamkinga aliyekutwa na chupa. Halafu lebo zenyewe haziaminiki. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Ni 26 tu zilizokuwa na kiasi cha CBD kilichoandikwa. Na 18 zilikutwa na THC. Hayo ni ya nchi yenye maabara kila kona. Chupa iliyopita mikono mitatu minne kabla ya kufika Tandika ina dhamana gani? Dereva wa bodaboda au mama mjamzito anayeinywa hawezi kujua anachomeza, na wajawazito na wanaonyonyesha wanashauriwa kutoitumia CBD kabisa.

Hoja nzito zaidi ni ile ya tiba asili. Wazee walijitibu kwa mizizi na majani, na sayansi imekuja kukiri mara nyingi kwamba hawakukosea. Ni kweli. Dawa ya mseto ya malaria tunayopewa leo ilitokana na mmea wa artemisia uliotajwa katika vitabu vya kale vya Kichina, na mtafiti Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asili, na tangu mwaka 2002 tuna sheria na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Lakini tazama jinsi artemisia ilivyofika kwenye kidonge: kiini kilitenganishwa, kikapimwa, kikajaribiwa kwa wagonjwa, kikapangiwa siku na idadi ya vidonge. Mfano huo unaitetea kazi ya kupima. Hauitetei chupa iliyoiruka kazi hiyo. Tena mchanganyiko wa ganoderma na mafuta ya hempu si urithi wa mzee yeyote wa Pwani. Ni bidhaa ya kibiashara ya juzi. Heshima kwa tiba asili isitumike kuupitisha mzigo usiokuwa wake.

Na ushuhuda wa jirani aliyepona? Presha hupanda na kushuka yenyewe ndani ya siku moja, maumivu ya viungo huja kwa vipindi, na wengi wanaoanza chupa huwa bado wanameza vidonge vya zahanati na wamepunguza chumvi kwa wakati uleule. Mara nyingi anayetoa ushuhuda ndiye anayeuza pia, kwa kuwa katika biashara ya mtandao mnunuzi wa leo ndiye muuzaji wa kesho. Haimaanishi anadanganya. Inamaanisha ana sababu ya kuamini.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kukutana kwa chupa hiyo na dawa nyingine ndani ya mwili mmoja. Ini ndilo linalozisaga dawa nyingi, na CBD huvizuia baadhi ya vimeng'enya vinavyofanya kazi hiyo. Matokeo yake dawa nyingine hubaki mwilini kwa wingi kuliko daktari alivyokusudia. Mgonjwa wa moyo anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, kama wengi waliobadilishiwa vali, anaweza kuvuja damu. Ganoderma nayo hushukiwa kupunguza kuganda kwa damu, hivyo viwili hivyo vinasukuma upande mmoja. Mwenye kifafa anayetumia valproate yuko kwenye hatari zaidi ya kuumia ini. Anayetibiwa kifua kikuu anameza kwa miezi sita rifampicin na isoniazid, dawa ambazo zenyewe hulisumbua ini. Kumwongezea unga wa uyoga na mafuta ya hempu ni kulibebesha ini lililokwisha elemewa. Madaktari wa Hong Kong na Thailand wameripoti wagonjwa walioharibika ini baada ya kutumia unga wa ganoderma, akiwemo aliyefariki. Matukio ni machache, lakini hakuna anayehesabu yanayotokea vitongojini.

Asijaribu mtu, kwa kukwepa gharama ya chupa, kuchuma uyoga mgumu unaong'aa, wenye rangi ya damu ya mzee, unaoota kwenye visiki vya miembe na mikorosho, akauchemsha. Jamii za ganoderma ni nyingi, na kuzitofautisha ni kazi ya mtaalamu. Uyoga wa porini wakati wa masika ni hatari zaidi, kwani sumu ya baadhi yake haifi kwa moto. Mtu hutapika na kuhara saa sita mpaka ishirini na nne baadaye, hupata nafuu ya uongo, kisha ini hushindwa. Uyoga wa kununua kwa mkulima anayejulikana unatosha.

Aliyekwisha anza chupa asiache dawa zake za hospitali, na asiifiche chupa kwa kuogopa kugombezwa. Aende nayo kliniki, iwe Mwananyamala, Temeke au zahanati ya mtaa, amwonyeshe daktari au mfamasia lebo na aseme anatumia matone mangapi na tangu lini. Macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au maumivu yakaja chini ya mbavu za kulia, aache chupa na aende siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Kituo kinaweza kuipeleka taarifa ya madhara kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na kilichobaki ndani ya chupa kisimwagwe; ndicho kitakachopimwa.