Bakteria wa Mama, Urithi wa Kwanza wa Mtoto

Mtoto huzaliwa utumbo wake ukiwa karibu hauna bakteria. Akipita njia ya kawaida, iwe hospitali ya Mnazi Mmoja, Mwembeladu au kijijini Makunduchi, hapa Unguja, huchukua bakteria wa mamake, hasa wale wa utumboni. Msiwaogope. Ndio watakaoulinda utumbo wake.

Bakteria hao wanahitaji kula, na chakula chao kimo katika maziwa ya mama. Humo mna aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Zinashuka zilivyo hadi kwenye utumbo mpana, zikaliwa na bifidobakteria, ambao Henri Tissier wa Taasisi ya Pasteur, Paris, aliwagundua mwaka 1899 kwenye choo cha watoto wanaonyonya. Wakizila hutoa asidi, na vijidudu vingi vya maradhi haviwezi kustawi penye asidi. Ukitaka kuiona kazi yao, tazama nepi: choo cha njano, laini, chenye harufu ya uchachu kidogo. Huko si kuharisha.

Kwa hiyo inatuuma kuona dang'a, yale maziwa mazito ya njano ya siku za mwanzo, yakikamuliwa na kumwagwa eti ni machafu, kisha kichanga akapewa maji ya sukari au dawa ya mchango. Dang'a imejaa kinga. Maji ya kijikoni yanaweza kumletea vijidudu vya kuharisha, na kisiwa chetu kinakijua kipindupindu. Asali nayo ni hatari kwa mtoto asiyetimiza mwaka.

Na aliyejifungua kwa upasuaji? Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2019, wa watoto takriban 600, ulionyesha kwamba watoto wa upasuaji hukosa mwanzoni baadhi ya bakteria wa mama na kupata zaidi wale wa hospitali. Tofauti hiyo hupungua sana mtoto anavyokua. Mama asijilaumu: upasuaji unaohitajika huokoa maisha, na antibaotiki alizoandikiwa na daktari azitumie. Amlaze mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, amnyonyeshe mapema awezavyo.

Bibi na shangazi mnaomhudumia mzazi arubaini yake, tunawaomba: mtoto apewe ziwa ndani ya saa moja, na kwa miezi 6 asipewe kingine, hata maji, ila dawa ya hospitali. Akiharisha majimaji, akitoa damu chooni au akikataa ziwa, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.