TAA ZA GARI: ZIVIKWE UTANDO AU ZIACHWE?

Wanachama wenzangu, mwenye gari la mashindano akitaka kujua kama abandike utando wa plastiki juu ya taa za mbele, na aje atuulize sisi wa Rhamu. Lori likikupita njia ya Mandera, changarawe zinakuja kama za manati.

Kwanza tazama taa imeundwa kwa nini. Malori ya zamani yana taa za glasi. Hata magari ya Safari Rally ya 1953 yalikuwa hivyo. Glasi haijali jua, inaogopa jiwe tu, na kwa jiwe kubwa utando ni kazi bure. Heri wavu wa waya.

Magari ya siku hizi yana taa za plastiki iitwayo polikaboneti, ambayo Marekani iliiruhusu mwaka 1983. Haipasuki upesi, lakini mchanga huikwaruza. Jua nalo likishakula ile kinga ya juu, taa inakuwa manjano kama samli. Usiku dereva haoni ngamia mpaka amfikie! Hapo mimi nasema bandika: mchanga utakwaruza utando, na ukichakaa unabanduliwa, unawekwa mwingine.

Lakini uwe angavu kabisa. Ule mweusi wanaoupenda vijana naupinga, maana unakula mwanga, na ngamia mwenyewe hana taa. Aidha, taa iliyokwisha kuwa manjano isuguliwe kwanza mpaka itakate. Ukiivika hivyo hivyo, umefunika uchafu tu.