Upele Hautibiwi kwa Sabuni Peke Yake

Katika somo hili tunarudi Lusewa, kata ambayo zamani ilihesabiwa Songea na sasa iko wilaya ya Namtumbo. Mada ni usafi wa ngozi, na hasa upele, kwa sababu ndio kina mama waliotuuliza zaidi vikaoni.

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Kwa muda mrefu tulifundisha kwamba ukioga kila siku, ukafua na kukata kucha, upele utakwisha. Tukagawa na sabuni. Ndipo mama mmoja akasimama: "Mwanangu namwogesha asubuhi na jioni, lakini usiku halali, anajikuna mpaka damu. Mnataka kusema mimi ni mchafu?" Hatukuwa na jibu la kumridhisha siku ile.

Upele husababishwa na kijidudu kidogo sana, jamii ya utitiri. Jike huchimba ndani ya ngozi na kutaga mayai humo, mahali ambapo maji na sabuni havifiki. Huambukizwa ngozi inapogusana na ngozi kwa muda, kama watoto wanaolala mkeka mmoja, au mama na mtoto anayembeba mgongoni. Anayeupata kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kuwashwa, na wakati wote huo anaambukiza wenzake. Kwa hiyo yule mama alikuwa sahihi. Mtoto alitibiwa, akarudishiwa upele na ndugu yake ambaye hata hajikuni.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika magonjwa ya kitropiki yaliyokuwa hayapewi kipaumbele. Dawa zipo. Inayojulikana zaidi ni ile ya kupaka, BBE. Jambo kubwa ni kwamba nyumba nzima ipakwe siku moja, pamoja na baba na bibi wanaosema hawaumwi. Hupakwa kuanzia shingoni hadi nyayoni, bila kuruka katikati ya vidole, kitovuni, chini ya kucha na sehemu za siri. Kwa mtoto mdogo na mama mjamzito, mwulizeni kwanza mganga wa zahanati, kwa maana dawa ya mtoto huchanganywa na maji kwa kipimo chake.

Siku hiyohiyo fueni nguo na mashuka, kwa maji ya moto ikiwezekana, mkaanike juani. Blanketi lisilofulika lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa kando siku 3 au zaidi, maana kijidudu hiki hakiishi siku nyingi nje ya mwili wa mtu. Tunajua kuna nyumba zenye blanketi moja tu. Basi chagueni majuma ya joto, msingoje baridi ya Juni.

Baada ya dawa, kuwashwa kunaweza kuendelea wiki 2 hadi 4. Wengi hudhani dawa imeshindwa wakaongeza kupaka mpaka ngozi inaungua.

Je, sabuni haina kazi? Inayo. Ngozi iliyokunwa hufungua mlango kwa bakteria, vidonda hutunga usaha, na baadhi ya bakteria hao wanaweza kudhuru hata figo. Hapo ndipo kucha fupi, kuosha vidonda na kunawa mikono kwenye kibuyu chirizi huokoa. Kiangazi, visima vinapopungua, kibuyu hutumia maji kidogo kuliko beseni.

Mapunye ni jambo jingine. Ni fangasi, na yakiwa kichwani kwa kawaida huhitaji vidonge kutoka zahanati. Msiazimane wembe wala kitana.

Tahadhari moja ya mwisho ni kuhusu krimu za dukani zinazosifiwa kwamba zinang'arisha ngozi. Zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini. Zenye steroidi hutuliza muwasho kwa siku chache huku upele au fangasi ikienea chini kwa chini, na mganga akija kuitazama ngozi hiyo hupata shida kuutambua ugonjwa.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Nyumbani kwenu wanalala wangapi pamoja, na nani atakataa kupakwa dawa?
2. Mtoto akirudishwa kutoka shule kwa sababu ya upele, jirani husema nini juu ya mama yake?
3. Ni siku gani kitongoji chote kinaweza kupaka dawa kwa pamoja?