Maswali na Majibu: Maua ya Msimu na Vifaa vya Umeme vya Nyumbani (Marudio ya Sayansikimu)

Swali la 1. Maua ya msimu ni yapi?

Ni mimea inayoota, kuchanua, kutoa mbegu na kufa ndani ya msimu mmoja. Zinia, kosmosi, marigoldi na alizeti zinatosha kuwa mifano. Waridi na asumini haziingii hapa, maana zikitunzwa hukaa miaka.

Kuna mtego. Vitabu vingi vya Ulaya huitaja *Impatiens walleriana* kuwa ua la msimu, kwa sababu baridi ya huko huliua. Mmea huo asili yake ni Afrika Mashariki, na kwetu ukipata kivuli na unyevu huishi zaidi ya mwaka. Kwa hiyo ukitoa mfano kwenye mtihani, sema pia ua hilo linapandwa wapi. Jibu lisilotaja mahali ni nusu jibu, na ndivyo ilivyo kwa swali la 2 pia.

Swali la 2. Mbegu zipandwe lini?

Penye misimu miwili ya mvua, yaani vuli (Oktoba hadi Desemba) na masika (Machi hadi Mei), panda mwanzoni mwa vuli au mwishoni mwa masika. Zinia huota kwa siku 4 hadi 7 ardhi ikiwa na joto, na huchanua baada ya miezi miwili hivi. Iliyopandwa mapema Oktoba inakuwa imechanua kufikia Desemba. Iliyopandwa mwishoni mwa Mei huchanua wakati wa kipupwe, hewa ikiwa kavu na maua yakidumu.

Kwa nini si katikati ya masika? Ukanda wa pwani mvua hizo ni nzito. Miche michanga huanguka kwa kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina pale linapogusana na udongo, na petali huoza kabla hujazifurahia.

Dodoma na Singida zina msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Mtahiniwa wa huko akinakili kalenda ya Tanga, yenye misimu miwili, ataikosea bustani yake, hata kama amekariri vizuri.

Swali la 3. Eleza utunzaji wa zinia tangu mbegu hadi ua.

Andaa tuta, changanya samadi iliyooza vizuri, kisha panda mbegu moja kwa moja kwenye tuta, kina kisichozidi sentimita 1. Zinia haipendi kung'olewa na kupandikizwa. Petunia ni kinyume chake: mbegu zake ni ndogo mno, huhitaji mwanga ili ziote, hivyo husiwa juu ya udongo bila kufukiwa, na miche huhamishwa baadaye.

Punguza miche ibaki umbali wa sentimita 20 hadi 30. Wanafunzi wengi huona huruma kung'oa miche iliyo hai, wakaacha msongamano. Hewa haipiti na majani hushikwa na ubwiri unga. Mwagilia asubuhi, maji yaende kwenye shina na si juu ya majani. Kata maua yaliyonyauka, maana yakiachwa mmea hupeleka nguvu kwenye mbegu na kuacha kuchanua.

Swali la 4. Kwa nini marigoldi hupandwa kwenye bustani ya nyanya?

Mizizi yake hutoa kemikali inayopunguza minyoo fundo ardhini. Ongeza sentensi hii, ndiyo yenye uzito: faida huonekana zaidi marigoldi ikipandwa kwa wingi kwenye tuta kwa msimu mzima kabla ya nyanya, si shina moja moja pembezoni.

Swali la 5. Taja mambo ya kuzingatia kabla ya kununua friji.

Anza na mahitaji: watu wangapi, chakula gani, soko liko karibu au mbali. Familia inayonunua samaki na mboga kila asubuhi haihitaji friji kubwa.

Kisha soma lebo. Matumizi huandikwa kwa kilowati-saa kwa mwaka. Friji ya kilowati-saa 200 kwa mwaka hula takriban uniti 0.55 kwa siku (uniti moja ni kilowati-saa moja). Kenya, lebo ya nishati ina nyota, na nyota zikiwa nyingi umeme unaotumika ni kidogo. Friji ya mtumba inaweza kuwa ya bei ya chini dukani lakini ikakutoza kila mwezi kwenye luku. Mimi siishauri kwa nyumba yenye kipato kidogo.

Angalia pia aina ya gesi. R-600a hushika moto, hivyo fundi asichomelee bomba bila kuitoa gesi yote, wala asiweke gesi nyingine mahali pake. Acha nafasi nyuma ya friji ili joto litoke. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kuiwasha, au tumia kifaa cha kuilinda kinachochelewesha chenyewe. Ndani, nyuzi 4 za Selsiasi zinatosha. Kwenye sehemu ya kugandishia, nyuzi 18 chini ya sifuri.

Swali la 6. Pasi ya wati 1,200 hutumika nusu saa kwa siku. Feni ya wati 60 huwashwa saa 8. Kipi kinatumia umeme zaidi kwa siku 30?

Pasi: 1,200 × 0.5 = wati-saa 600, yaani uniti 0.6 kwa siku, uniti 18 kwa siku 30.
Feni: 60 × 8 = wati-saa 480, yaani uniti 0.48 kwa siku, uniti 14.4 kwa siku 30.

Pasi imezidi kwa uniti 3.6. Ndiyo maana nguo hupigwa pasi zote kwa pamoja, mara moja au mbili kwa wiki.

Swali la 7. Birika la wati 2,000 na pasi ya swali la 6 vinaweza kutumia ekstensheni moja ya ampia 13?

Hapana. Jumla ni wati 3,200. Gawanya kwa volti 230, unapata takriban ampia 13.9. Waya utapata moto, na fyuzi ikiwa imebadilishwa kwa kipande cha waya, nyumba iko hatarini.

Swali la 8. Serikali ya Tanzania imelenga nini kuhusu nishati safi ya kupikia?

Asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, kwa mujibu wa mkakati wa 2024–2034. Jiko la presha la umeme linafaa hasa kwa maharage na makande, kwa kuwa hulifunga joto ndani na hukata umeme likishafikia presha.

Swali la 9. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yanafaa kumwagilia maua?

Yanafaa kwa maua ya vyungu, kwani hayana chumvi nyingi, lakini usiyanywe. Maji ya kufulia yenye dawa ya kung'arishia nguo yasimwagwe bustanini.

Kabla ya siku ya mtihani, soma wati zilizoandikwa kwenye vifaa vya kwenu na urudie hesabu ya swali la 6 kwa kila kimoja.