Kipupwe Ndicho Msimu wa Echeveria

Masika yamekwisha, kusi imeshika, na usiku umeanza kupoa hata kwa sisi wa Pwani. Shambani watu wanaanika mahindi. Kwenye vibaraza na madirisha iko kazi nyingine ya majira haya: kupanda, kuhamisha na kuzalisha echeveria, ua lile la majani manene yaliyojipanga mviringo kama waridi, lenye rangi hafifu za pinki, zambarau na kijani cha kijivu, na vumbi jeupe juu yake.

Wauza miche wengi huliita sakulenti tu, jina la jumla la mimea yote inayotunza maji kwenye majani na mashina. Mteja hulinunua Machi likiwa zuri, akaliweka barazani, na kufikia Mei limeoza. Wengi hudhani wana mkono mbaya, kumbe walinunua wakati mbaya. Ushauri wangu kwa msimu huu ni mmoja: kazi zake zote kubwa zifanyike kati ya Juni na Agosti, ili vuli ikianza Oktoba mmea uwe umeshika mizizi na una mahali pakavu pa kukaa.

Unakotoka mmea huu

Echeveria ni mmea wa milimani. Aina nyingi kwao ni Mexico, na nyingine hufika Amerika ya Kati hadi kaskazini-magharibi mwa Amerika Kusini. Huota kwenye miamba na magenge, ambako mvua ikinyesha maji hayatuami, mchana jua ni kali na usiku kuna baridi. Mojawapo ya zinazopendwa sana ni Perle von Nürnberg, chotara iliyozalishwa Ujerumani na Richard Graessner katika miaka ya 1930. Hufikia upana wa sentimita 15 hivi, majani yake ni ya pinki iliyochanganyika na zambarau, na hutoa kikonyo cha maua madogo yanayokaribia rangi ya matumbawe.

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya kaboni dayoksaidi, na maji hupotea hapo hapo. Echeveria huvifungua usiku, huihifadhi hewa hiyo ndani ya jani ikiwa asidi, kisha mchana huitumia kutengeneza chakula vitundu vikiwa vimefungwa. Utaratibu huo huenda vizuri usiku ukiwa wa baridi. Dar es Salaam, joto la usiku mwezi Januari hukaa karibu nyuzi 25. Julai hushuka hadi 18 au 19. Ndiyo maana mmea uliodumaa Februari huchangamka sasa bila kupewa dawa wala mbolea.

Walio nyanda za juu wana nafuu zaidi, ila si wote kwa namna moja. Iringa na Mbeya, kipupwe ni kikavu na anga ni jeupe, kwa hiyo rangi hutoka vizuri kuliko mahali pengine. Nairobi, Arusha na Moshi, Juni na Julai ni miezi ya mawingu mazito. Huko sogeza chungu penye mwanga mwingi kuliko pote na upunguze maji. Njombe na Makete kuna jalidi. Maji yaliyomo ndani ya jani yakiganda, jani hulainika na kuoza, hivyo ingiza vyungu ndani kila jioni.

Mwanga, rangi na vumbi

Vitabu vya Ulaya na Marekani husema uweke mmea huu kwenye dirisha linalotazama kusini. Usifuate. Kwetu Tanzania, kama ilivyo Nairobi, mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, na dirisha la kusini halipati jua kabisa. Desemba hali hugeuka. Dirisha au kibaraza cha mashariki hufaa mwaka mzima, kwa kuwa jua la asubuhi lina mwanga wa kutosha na joto lake si la kuchoma.

Mmea unahitaji jua la moja kwa moja kwa muda wa saa nne hadi sita kwa siku. Pwani, upate jua la asubuhi mpaka saa tano, kisha kivuli chepesi. Ukikosa mwanga utauona: shina hurefuka, majani huachana na kuinama chini, rangi hurudi kuwa kijani. Shina lililorefuka halirudi kuwa fupi; dawa yake ni kulikata, kama nitakavyoeleza chini. Ukizidishiwa jua ghafla, majani hupata mabaka ya kahawia yasiyofutika. Mche uliokaa kivulini kitaluni uzoeshe polepole: wiki ya kwanza muda wa saa moja ya jua la asubuhi, wiki ya pili saa mbili au tatu, kisha uuache.

Rangi za pinki na zambarau huletwa na mwanga mwingi, usiku wa baridi na kiu kidogo. Kwa hiyo mmea uliokuwa wa kijani Machi unaweza kugeuka rangi Julai, na ukirudi kuwa wa kijani wakati wa joto si kwamba unaumwa. Tahadhari sokoni: mmea wenye rangi ya buluu kali au nyekundu inayong'aa huenda umepuliziwa rangi. Kwaruza jani la chini kwa ukucha. Rangi ikibanduka utando, uache hapo hapo, kwa sababu rangi hiyo huzuia mwanga usifike kwenye jani.

Lile vumbi jeupe ni nta. Hupunguza ukali wa jua na huzuia maji yasipotee. Ukilifuta kwa kidole, jani hilo halitalirudisha tena. Shika chungu, usishike majani, na usijaribu kung'arisha mmea kwa kitambaa.

Udongo na chungu

Udongo mweusi wa bustani ambao mchicha huupenda ndio unaoua echeveria. Changanya hivi:

- kipimo kimoja cha mboji au samadi iliyoiva kabisa;
- kipimo kimoja cha mchanga mnene wa mto;
- kipimo kimoja cha kokoto ndogo za milimita 3 hadi 6.

Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiutumie. Penye kokoto ghali, ponda matofali ya kuchoma. Walio karibu na milima ya volkano, kama Arusha, Rungwe au Naivasha, wana mawe mepesi yenye vitundu, na hayo ni bora kuliko kokoto. Chochote utakachotumia, kichekeche kwanza uondoe vumbi, maana vumbi huziba nafasi za hewa.

Jaza chungu mchanganyiko wako kabla ya kupanda, kisha mwaga maji juu. Yakizama mara moja na kuanza kutoka chini, udongo uko tayari. Yakituama, ongeza kokoto.

Chungu cha udongo wa kuchoma kinafaa kuliko cha plastiki kwa kuwa hupumua. Kopo la rangi au ndoo iliyokatwa pia hufaa ikiwa na matundu. Wengine hutumia bakuli lisilo na tundu, wakaweka kokoto chini wakidhani maji yataishia huko. Udongo hushikilia maji mpaka umelowa kabisa ndipo uyaachie yashuke kwenye kokoto, na mizizi hubaki kwenye tope juu yake. Toboa tundu. Upana wa chungu uzidi mmea kwa sentimita mbili tu. Chungu kikubwa hukaa na unyevu muda mrefu.

Maji

Usimwagilie kwa kalenda. Chomeka kijiti cha mishikaki hadi chini ya chungu, kiache kidogo, kisha kichomoe. Kikitoka na unyevu au udongo umekiganda, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia asubuhi, pembeni mwa mmea, mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Kwa kipupwe cha Pwani utajikuta unamwagilia kila siku 10 hivi. Nyanda za juu wiki mbili hadi tatu. Kunyunyizia kwa chupa ya pampu hakufai: hulowesha majani, huacha madoa kwenye nta, na mizizi hubaki na kiu. Maji yakiingia katikati ya mmea, kwenye majani machanga, yapulize au yakaushe kwa ncha ya karatasi laini.

Majani yenyewe yatakueleza. Ya chini yakisinyaa na kupata mikunjo, mmea una kiu. Yakiwa maji-maji, yanaonyesha mwanga kwa ndani na kudondoka ukiyagusa, umezidisha maji. Jani moja moja la chini kabisa kukauka ni kawaida; liondoe, kwa sababu wadudu hujificha chini yake.

Mbolea ni kidogo sana. Mara moja Juni na mara moja Agosti, yeyusha nusu kijiko cha chai cha NPK 17:17:17 kwenye lita 5 za maji, umwagilie udongo uliokwisha kulowa. Urea na CAN ziache kwenye mahindi. Nitrojeni nyingi hufanya majani yawe makubwa, laini na yasiyo na rangi.

Kuzalisha miche

Hapa ndipo kipupwe kinapolipa. Mmea mmoja mzuri unaweza kutoa miche kadhaa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni jani. Chagua jani nene la chini, lishike karibu na shina, lisukume kulia na kushoto mpaka lichomoke zima na kitako chake. Jani lililokatika katikati halioti. Yatandaze majani kivulini kwa siku 3 hadi 7 mpaka kidonda kikauke, kisha yalaze juu ya mchanganyiko mkavu bila kuyafukia. Mizizi ya pinki hutokea kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya nne. Hapo ndipo uanze kulowesha udongo kidogo. Kimche kikishika, jani mama hukauka lenyewe. Usilingoe kabla. Si kila jani litaota, kwa hiyo weka mengi kuliko unavyohitaji.

Njia ya pili ni kukata kichwa, nayo hufaa kwa mmea uliorefuka. Kwa kisu kilichopanguswa spiriti, kata ukiacha shina la sentimita mbili au tatu chini ya kichwa. Kiache kikauke kivulini siku 3 hadi 5, kisha kipande kwenye mchanganyiko mkavu na usubiri mizizi. Kisiki usikitupe. Kiache kwenye chungu chake penye mwanga. Machipukizi yatatokea pembeni, na kila moja ni mche. Kwa anayefikiria kuuza, njia hii huleta mche mkubwa haraka, na ya majani huleta mingi polepole. Jani la Juni halitakuwa mche wa kuuza kabla ya mwaka mpya.

Mbegu za rangi za ajabu zinazotangazwa mtandaoni zipuuze. Chotara haifanani na mzazi ikipandwa kwa mbegu, na picha nyingi za namna hiyo zimetiwa rangi kwa kompyuta.

Ukiishi Pwani na echeveria imekushinda, anza na jamaa yake, Graptopetalum paraguayense, nayo pia ya Mexico. Ina umbo lile lile na rangi ya kijivu inayoelekea pinki, huvumilia joto zaidi, na majani yake huota kwa urahisi sana.

Wadudu na uozo

Adui mkubwa ni vidung'ata, wale wadudu weupe wa pamba-pamba wanaojibanza katikati ya majani. Ukiona sisimizi wanapanda chungu, watafute vidung'ata, kwa kuwa sisimizi hula utamu wanaoutoa na kuwalinda. Lowesha pamba kwa spiriti na uguse kila mdudu, bila kusugua jani zima. Rudia kila baada ya siku chache mpaka waishe. Mmea uliodumaa bila sababu ung'oe uangalie mizizi. Wengine huishi humo. Osha mizizi, ikaushe, panda kwenye udongo mpya. Kikonyo cha maua kikijaa vidukari, kikate ukitupe.

Shina likiwa jeusi, usingoje. Kata kuelekea juu mpaka uone nyama safi isiyo na doa hata moja, kausha kichwa, upande upya.

Kalenda ya kazi

*Juni:* nunua, hamisha vyungu, zoesha jua, tandaza majani ya kuzalisha.

*Julai:* kata vichwa vilivyorefuka. Kagua vidung'ata kila wiki. Penye jalidi, ingiza vyungu jioni.

*Agosti:* panda vimche vilivyoshika mizizi. Weka mbolea ya mwisho.

*Septemba:* jua linapanda utosini na joto linarudi. Walio Pwani waongeze kivuli cha mchana. Acha kukata na kuhamisha.

*Oktoba hadi Desemba:* penye vuli, vyungu vyote viingie chini ya upenu au bati la plastiki linaloonyesha, penye upepo. Mwagilia kwa kijiti tu.

*Januari na Februari:* mwagilia jioni badala ya asubuhi, kidogo, na usitarajie ukuaji.

*Machi hadi Mei:* usinunue mche, hata ukiwa mzuri kiasi gani. Ulio nao uweke mbali na mvua na konokono, na hiyo fedha uitunze mpaka Juni.