Thamani ya Motokaa ya Urithi

Mzee akifariki na kuacha shamba, warithi wake wajua la kufanya. Huita wazee, hutembea mipakani, hupima, kisha hugawana. Ng'ombe nao huhesabiwa. Lakini akiacha motokaa kuukuu chini ya mwembe, hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja husema ni chuma chakavu, lipimwe kwa kilo liondoke. Wa pili amesikia kwamba ng'ambo magari ya zamani huuzwa kwa mamilioni ya dola, basi hakuna bei itakayomridhisha. Wa tatu amekwisha ongea na dalali kimyakimya. Mama yao anyamaza tu. Twataka katika somo hili kuonyesha jinsi thamani ya gari kama hilo inavyotafutwa, kwani ni hesabu kama hesabu nyingine, na mwanafunzi wa kidato cha pili aiweza.

Na tuchukue gari ambalo nyumba nyingi za Afrika Mashariki zililijua, yaani Peugeot 404. Lilianza kuuzwa mwaka 1960. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na injini yake ya sentimita za ujazo 1618 imelazwa ubavu. Lilishinda mashindano ya East African Safari mara nne: Nowicki na Cliff mwaka 1963 na tena 1968, Shankland na Rothwell mwaka 1966 na 1967. Kwa hiyo lina jina kubwa. Lakini jina si fedha. Magari ya namna hiyo yaliyotengenezwa yalipita milioni mbili, na uzee peke yake hauleti bei. Ferrari 250 GTO la mwaka 1962 liliuzwa kwa mnada huko California mwaka 2018 kwa zaidi ya dola milioni 48. Ni rika moja na 404 yetu! Tofauti ni kwamba Ferrari hizo zilitengenezwa 36 tu, na matajiri wanaozitaka ni wengi kuliko hizo 36. Ndugu yetu wa pili na alitafakari hilo kabla ya kukataa bei.

Kazi ya kwanza ni kujua ni gari gani hasa. Fungua boneti, utafute kibao cha chuma chenye namba, uzinakili, halafu uzilinganishe na zile zilizo katika kadi ya gari. Namba zikipishana, bei yashuka, na pengine polisi watataka maelezo. Angalia pia kama ni gari la kawaida, la mizigo, au lile la wazi lisilo na paa la chuma, maana hilo la mwisho ni adimu na bei yake ni mbali kabisa na ya wenzake. Tena kulikuwa na 404 zilizotiwa petroli kwa pampu ya Kugelfischer badala ya kabureta. Mafundi wetu wengi pampu hiyo iliwashinda, wakaing'oa na kuweka kabureta. Basi tazama stoo na chini ya vitanda. Kile chuma kizito chenye mafuta ambacho shangazi anataka kukitupa chaweza kuwa na thamani kuliko milango yote minne.

Kisha hali ya gari. Hapa ndipo watu hudanganywa na rangi. 404 haina chasisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, kwa hiyo kutu ya sakafuni na ya kingo zilizo chini ya milango ni ugonjwa wa mifupa, si wa ngozi. Chukua sumaku ndogo, uifunge kwa kitambaa kilaini, uipitishe taratibu juu ya bodi. Mahali isiposhika, pana dongo ambalo fundi amezibia mashimo. Inua mazulia. Lala chini ya gari na tochi. Wala usikimbilie kulipiga rangi mpya ili lipendeze machoni pa mnunuzi: mnunuzi mwerevu ataka kuona kutu ilipo, na rangi ya jana humtia shaka. Hali kadhalika, usiwashe ghafla injini iliyolala miaka. Petroli ya zamani itolewe, oili ibadilishwe, injini izungushwe kwanza kwa mkono.

Karatasi nazo ni mali. Risiti za gereji, picha za zamani, leseni za barabara, zote ziwekwe pamoja. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokwisha tumika mashindanoni mwaka uliotangulia. Gari la namna hiyo, likiwa na ushahidi, hupanda bei kwa ajili ya historia yake. Lakini kama ushahidi ni neno la mjomba tu kwamba marehemu aliwahi kushindana, andika sifuri mbele ya neno hilo.

Sasa bei. Usichukue bei ambayo wenye magari wanaitaja wanapotangaza. Hiyo ni matumaini yao. Tafuta bei ambayo fedha zililipwa kweli. Uliza wenye magari ya zamani na mafundi wanaowahudumia. Nairobi wako wengi, na mashindano yao ya uzuri wa magari yalianza mwaka 1970. Bei za Ulaya zitumie kwa hadhari, kwani kuna nauli ya meli na ushuru, na isitoshe usukani wetu uko kulia na wa Mfaransa uko kushoto.

Na tufanye hesabu, kwa tarakimu za mfano tu. Tuseme 404 iliyotengenezwa vizuri imeuzwa kwa shilingi 20,000,000. Fundi bodi, fundi injini na fundi umeme wametazama gari letu, na jumla ya kazi yao ni shilingi 9,000,000. Wengi huishia hapo na kusema gari lina thamani ya 11,000,000. Sivyo. Mnunuzi atangoja mwaka mzima, atasafiri kutafuta vipuri, na gharama za kutu aghalabu huzidi makisio. Lazima apunguziwe kwa ajili ya taabu na hatari hiyo, tuseme 3,000,000. Basi:

20,000,000 – 9,000,000 – 3,000,000 = 8,000,000.

Jibu hilo lisahihishwe kwa njia ya pili. Je, gari jingine lililo katika hali kama hii, lisilotengenezwa, liliuzwa kwa kiasi gani? Ukipata kati ya 7,000,000 na 9,000,000, hesabu yako ni njema. Ukipata 4,000,000, rudi kwa mafundi. Na kama gharama za kulitengeneza zimezidi bei yake likiisha tengenezwa, thamani iliyobaki ni ya vipuri, nayo bado hupita bei ya kilo.

Mtu wa kukadiria thamani asiwe ndiye mnunuzi, wala rafiki wa mnunuzi. Mlipe ada yake, aandike kwa tarehe na aeleze kadirio ni la kazi gani. Thamani ya kugawana urithi ni ile ambayo gari lingeuzwa leo jinsi lilivyo. Thamani ya bima ni habari nyingine: gari la zamani likikatiwa bima ya kawaida huhesabiwa kama kuukuu tu, kwa hiyo yafaa mwenyewe na kampuni wapatane kiasi tangu mwanzo, nacho kiandikwe katika mkataba.

Tuseme basi mama hataki fungu, watoto ni wanne, na wamekubali kugawana sawasawa. Kila mmoja ana 2,000,000 ndani ya gari lile. Kaka mkubwa alipenda gari la baba, naye ataka kulichukua. Vyema, awalipe wenzake watatu 2,000,000 kila mmoja, jumla 6,000,000. Kama tangu mazishi yeye ndiye aliyelipia matairi na kodi kwa ridhaa ya wote, alete risiti. Zikifika 400,000 kila mtu abebe 100,000, naye atawalipa 1,900,000 kila mmoja. Asipokuwa na fedha zote alipe kwa miezi, kwa maandishi, mbele ya mashahidi. Kadi ingali na jina la marehemu, kwa hiyo msimamizi wa mirathi athibitishwe kwanza mahakamani. Bila hati hiyo jina halibadilishwi. Mpaka malipo ya mwisho yatakapotimia, kadi ikae sandukuni kwa mama.